Kuchagua Kiungo cha Kuvutia Tela kwa Pikapu



Katika mikutano ya matawi yetu ya Jinja na Mbale kuna swali ambalo limeulizwa mara nyingi kuliko nilivyotazamia, na si swali la mishahara. Madereva na matanboi wanasema: bosi ameleta tela, ametuamuru tulifunge nyuma ya pikapu, sasa tutumie chuma gani? Wengine wamepewa mpira wa chuma, wengine ndoano, na wengine kipande cha nondo kilichokatwa kwa msumeno. Kila mmoja ameambiwa kwamba hicho alichopewa kinatosha.

Huenda mwenzetu wa kiwandani akauliza gazeti la chama lina kazi gani na vyuma vya gereji. Anayenunua kiungo ni mwajiri. Anayekaa mbele ya tela ni dereva, anayelifunga kwa mikono yake ni tanboi, na anayetembea kando ya barabara wakati tela linapochomoka ni mtoto anayetoka shule. Chuma kikikatika, aliyekinunua yuko ofisini. Ndiyo maana inafaa sisi tunaokitumia tujue kukichagua, ili tukisema "hiki hakifai" tuwe na hesabu mkononi.

Tukubaliane kwanza juu ya majina, maana kila gereji ina ya kwake. Ninaposema kiungo nina maana ya vyuma vyote vinavyoshikanisha gari na tela. Ulimi ni ule mkono wa tela unaotoka mbele. Mpira ni kile kichwa cha mviringo cha chuma kilicho nyuma ya gari, na kikombe ni kile kinachoufunika mpira, nacho kiko kwenye ncha ya ulimi. Pete, ndoano na pini mnazijua.

UZITO KWANZA

Watu wengi huanza kwa kutazama chuma. Wanakiona kinene, wanakipiga teke, wanasema ni kizuri. Hiyo si njia. Anza kwa kupima unachotaka kuvuta, kisha ndipo utafute chuma cha kukivuta.

Uzito wa mzigo si siri. Gunia la kahawa ni kilo 60. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lile tanki la lita 1,000 mnalopeleka kwenye vitalu vya miche, likijaa, ni tani nzima kabla hujahesabu tela lenyewe. Mchanga hudanganya macho kuliko vyote: sanduku la mita moja kila upande, likijazwa mchanga, hupita tani moja na nusu, na ukilowa mvua unazidi. Nimeona watu wakijaza tela la mchanga mpaka juu kwa sababu kahawa ilikuwa ikijazwa mpaka juu, kana kwamba tela linajua tofauti.

Kwa tela lenyewe, uliza mizani. Kiwanda cha sukari kina mizani, wanunuzi wa kahawa wana mizani, na mwenye mizani mara nyingi hakatai kulipima tela tupu ukimwomba kwa adabu. Tela dogo la chuma la magurudumu mawili, lililochomelewa na mafundi wetu wa mjini, si ajabu kuwa na kilo 400. Uzito huo uandikwe kwa rangi ubavuni, kila mtu auone.

Sasa tuchukue mfano wa Mbale. Pikapu inateremka kutoka milimani na kahawa. Kitabu cha gari kinasema inaweza kuvuta kilo 2,500 ikiwa tela lina breki zake. Chuma cha kuvutia kilichofungwa chini ya gari kina kibao cha kilo 2,000. Mpira umepigwa mhuri wa kilo 1,500. Je, tunaruhusiwa kuvuta kiasi gani? Jibu ni 1,500. Namba ndogo ndiyo inayotawala, hata kama nyingine zote ni kubwa. Toa kilo 400 za tela, zinabaki 1,100. Ukigawa kwa 60 unapata magunia 18. Si 22, wala si 18 pamoja na vijana watatu waliokalia juu.

Lakini hapo nimesema "ikiwa tela lina breki". Matela mengi yanayotengenezwa kwetu hayana breki hata moja. Kwa pikapu nyingi za kisasa, kitabu kinasema tela lisilo na breki lisizidi kilo 750, na huko Ulaya hata sheria inasema hivyo. Basi rudia hesabu: 750 kutoa 400 ni 350, nayo ni magunia matano. Nilipoisema hesabu hii katika mkutano mmoja watu walicheka. Mzee mmoja aliyeendesha magari ya kahawa kwa miaka mingi hakucheka. Alisema yeye anaujua ule mteremko, na kwamba kwenye mteremko gari halivuti tela tena, tela ndilo linalosukuma gari.

Kitabu cha gari kikiwa kimepotea, tazama kibao kilicho mlangoni au ndani ya boneti, au muulize muuzaji wa magari ya aina hiyo. Usikubali jibu la "pikapu ya jirani inavuta". Pikapu za jina moja hutofautiana kwa mwaka, injini na fremu.

AINA ZA VIUNGO

Cha kwanza ni mpira uliofungwa juu ya bampa. Hiki sitakizungumzia sana. Bampa za pikapu nyingi tunazoziona hapa ni za bati lililokunjwa, nazo zimewekwa kupokea kugongwa kidogo na kumpa mtu mahali pa kukanyaga. Kama hakuna kibao cha mtengenezaji kinachosema bampa hiyo inavuta kilo kadhaa, usivute nayo.

Cha pili ni chuma cha kuvutia kilichofungwa kwenye fremu ya gari kwa bolti, pande zote mbili, na mpira mbele yake. Kwa pikapu na tela dogo kwenye lami, kutoka Jinja kwenda Iganga au Mbale kwenda Tororo, hiki ndicho cha kawaida na kinafaa. Ubaya wake mkubwa ni mmoja, na hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ajali zake hutokea ilhali kila kitu kinaonekana kimefungwa vizuri.

Mipira haina kipimo kimoja duniani. Ule wa Ulaya ni milimita 50. Ule wa Marekani una vipimo kadhaa: mdogo ni inchi moja na saba ya nane, yaani milimita 47.6, wa kati ni inchi mbili, yaani 50.8, mkubwa ni inchi mbili na tano ya kumi na sita, yaani 58.7. Sisi tunanunua magari yaliyotumika kutoka Japani, mengine yanapitia Dubai, na vikombe vya matela vinatoka popote pale, hata China na Uingereza. Kwa hiyo inawezekana kabisa mpira wa gari na kikombe cha tela viwe havikuzaliwa pamoja.

Ukiweka kikombe cha milimita 50 juu ya mpira wa 47.6, kitaingia. Mkono wake utafunga. Utalitikisa, litashika. Tofauti ni milimita mbili na kidogo tu, jicho haliioni. Kisha ukipita tuta au shimo, ulimi unarushwa juu na kikombe kinaruka nje ya mpira. Ukiweka kikombe hicho hicho juu ya mpira wa 50.8, kitakaza na huenda kisifunge hadi mwisho; tanboi atakipiga nyundo mpaka mkono ulale, na wote wataamini kimefunga.

Dawa ni kusoma. Juu ya mpira au kwenye shingo yake hupigwa mhuri wa kipimo na uzito. Kikombe nacho hupigwa mhuri. Kama mhuri umelika, pima mpira kwa kalipa. Fundi wa mashine yeyote kiwandani anayo. Pima pande zote, kwa sababu mpira hulika upande mmoja kuliko mwingine. Mpira wa milimita 50 ukilika mpaka 49 umekwisha kazi, utupwe. Na usipakwe grisi ya mchanga: grisi safi kidogo ni nzuri, lakini ikichanganyika na vumbi la murramu inakuwa msasa.

Baada ya kufunga, fanya jaribio hili, halihitaji fedha. Weka jeki chini ya ulimi, au tumia lile gurudumu dogo la mbele kama lipo, uinue ulimi mpaka nyuma ya gari ianze kuinuka nao. Kama gari linainuka pamoja na tela, kikombe kimeshika. Kama kikombe kinachomoka na gari linabaki chini, umeokoka kabla ya safari.

Cha tatu ni ndoano yenye mfuniko na pete. Ndoano iko nyuma ya gari, pete iko kwenye ulimi, mfuniko unashuka juu ya ndoano na kufungwa kwa kipini. Wanajeshi hutumia hicho, na malori mengi pia. Kina kelele, pete inagonga ndani ya ndoano, na mgongo wa dereva unaujua kila mgongo huo. Lakini kwenye njia mbaya kina sifa kubwa: gari na tela vinaweza kupinda na kulala upande kwa pembe kubwa bila kiungo kukabana. Kwa pikapu zinazopanda kuelekea Budadiri au Bududa wakati wa mvua, ambako gurudumu moja liko mtaroni na jingine juu ya jiwe, mimi ningechagua ndoano na pete kuliko mpira. Wengine watabishana nami, lakini wengi wao wanaendesha kwenye lami. Sharti ni kwamba ndoano nayo ifungwe kwenye fremu, na uzito wake usomwe kama ule wa mpira, maana kiungo cha lori hakiifanyi pikapu kuwa lori.

Cha nne ni pini iliyopita katika matundu ya vyuma viwili. Hicho ni cha trekta na nitakirudia huko chini. Nyuma ya pikapu pini hutumika kwa kazi ya polepole ya shambani, si kwa barabara kuu.

BOLTI, NATI NA FUNDI WA KUCHOMELEA

Kiungo kizuri kilichofungwa kwa bolti mbaya ni kiungo kibaya. Tazama kichwa cha bolti. Bolti ya kazi hii ina namba 8.8 juu ya kichwa, au kubwa zaidi. Zile zenye 4.6 zina nusu ya nguvu hiyo, ingawa unene ni mmoja na rangi ni moja. Zisizo na namba zihesabu kuwa dhaifu, hata muuzaji akiapa. Bolti ziwe na washa ya kuzuia nati isilegee, na baada ya safari ya kwanza zikazwe tena, kwa sababu chuma kipya hukaa mahali pake kwa kutikiswa.

Juu ya kuchomelea nitasema neno ambalo mafundi wengine hawatalipenda. Tuna mafundi hodari Jinja na Mbale, watu wanaotengeneza mageti, vitanda, mashine za kusaga na matela mazima. Lakini mpira wa kuvutia ni chuma kilichotiwa ugumu kiwandani. Ukiuchomelea, joto linauharibu. Unaweza kukatika bila kupinda kwanza, yaani bila kukuonya. Vivyo hivyo fremu ya gari: ukiichoma ovyo karibu na ukingo wake, ufa huanzia hapo. Kwa hiyo mpira ukazwe kwa nati yake, chuma cha kuvutia kifungwe kwa bolti, na ulimi wa tela uchomelewe na fundi anayejulikana, kisha utazamwe kila wiki kama una ufa. Kutu inayotokea kama mstari mwembamba juu ya rangi mara nyingi ni ufa unaozungumza.

MZIGO UKAE WAPI

Hapa wengi hukosea hata wakiwa na kiungo safi. Tela la magurudumu mawili ni kama mizani ya sokoni. Ukiweka mzigo mwingi nyuma ya ekseli, ulimi unaelea, unaivuta nyuma ya gari juu, na tairi za nyuma za gari zinakosa kushika barabara. Ukikimbia, tela huanza kuyumba kushoto na kulia, kila mara zaidi, mpaka linalichukua gari. Ukiweka wote mbele, nyuma ya gari inakaa chini na usukani unakuwa mwepesi wa hatari.

Kipimo cha kufuata kwa pikapu ni kwamba ulimi ubebe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela. Tela lenye kilo 1,000 liweke kama kilo 100 juu ya kiungo, mradi usipite namba ya uzito wa kushuka iliyoandikwa kwenye kibao cha chuma cha kuvutia au kitabu cha gari. Namba hiyo ya kushuka ni ndogo na watu huisahau. Kuupima ulimi si kazi ngumu: zuia magurudumu ya tela kwa mawe, lisimame sawa, kisha tundika ncha ya ulimi kwenye ile mizani ya kuning'inia ya kununulia kahawa, kama inafika kilo hizo. Mkishapima mara mbili tatu, macho yatajifunza.

Likianza kuyumba njiani, dereva asikanyage breki kwa nguvu wala asiongeze mwendo. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani imara bila kupambana nao, mwendo ushuke wenyewe.

Tela likae sawa pia, si pua juu wala pua chini. Kama pikapu ni ndefu ya kwenda juu na tela ni la chini, tafuta chuma cha kuvutia kinachoshuka. Usikate ulimi na kuupindisha.

MNYORORO NA BREKI

Kila kiungo, hata kipya, kiwe na minyororo miwili ya akiba kutoka kwenye ulimi mpaka kwenye fremu ya gari. Isifungwe kwenye bampa, wala kwenye mpira ule ule, maana mpira ukitoka itatoka nao. Ipishane kwa chini kama herufi X, ili ulimi ukidondoka uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara. Iwe mirefu kiasi cha kuruhusu kukata kona, mifupi kiasi cha kutoburuzwa. Kamba ya katani si mnyororo, na waya wa kufungia majani ya ng'ombe si mnyororo.

Kama tela lina breki, liwe pia na waya mwembamba unaovuta breki hizo tela likichomoka. Kama halina, hesabu ya kilo 750 inabaki pale pale, na kwenye mteremko dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Taa za nyuma ziunganishwe. Anayetumia barabara ya Jinja na Iganga usiku anajua maana ya kukutana na tela la miwa lililosimama gizani bila taa.

WENZETU WA TREKTA NA MIWA

Kwenye mashamba ya miwa hakuna mpira wala kikombe, kuna pini. Pini hiyo inavuta tani nyingi siku nzima, inapata vumbi, inalika katikati mpaka inakuwa na kiuno kama nyigu. Pini ya kweli ni ya chuma kigumu, ina kichwa juu ili isianguke chini, na ina kipini kidogo cha kuzuia kwa chini ili isirushwe juu. Nondo haifai. Nondo ni chuma cha kukaa ndani ya zege, na hapa Jinja viko viwanda vinavyozitengeneza, na kwa nyumba ni nzuri. Lakini kama pini inapinda, inachubuka, na siku moja haipo. Nyapara akikuambia nondo inatosha mpaka wiki ijayo, mwambie aandike.

Tena, mzigo uvutwe kwa chuma cha chini cha trekta kilichowekwa kwa kazi hiyo. Tela likikwama matopeni, watu hufunga mnyororo juu, karibu na kiti, wakidhani watapata nguvu zaidi. Ukivuta kutoka mahali palipo juu kuliko ekseli ya nyuma, trekta huinua mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma, kwa muda mfupi kuliko wa kukanyaga klachi.

Lakini hatari kubwa ya shambani iko wakati wa kufunga. Trekta inarudi nyuma, tanboi amesimama kati ya trekta na tela, mkono mmoja ameushika ulimi, mwingine pini. Mguu wa dereva ukiteleza, hakuna mahali pa kukimbilia. Utaratibu uwe huu: tanboi akae pembeni, dereva arudi mpaka matundu yakaribie, asimamishe, aweke breki ya mkono, gia iwe huru, atoe mikono kwenye usukani aonekane, ndipo tanboi aingie. Ulimi uinuliwe kwa jeki au kwa mguu wake wa kusimamia, si kwa mgongo wa mtu. Trekta zipo zenye ndoano inayoshikwa na dereva akiwa kitini, inashuka, inaingia ndani ya pete, inainuka na kufunga bila mtu kushuka. Ndizo tunazopaswa kuzidai.

Mwajiri akisema ni ghali, nina hadithi ya kweli ya reli. Zamani hata miwa ya Kakira ilivutwa kwa treni ndogo za reli nyembamba. Huko Marekani mabehewa ya treni yaliunganishwa kwa pete na pini, na mfanyakazi alisimama kati ya behewa na behewa, akaiongoza pete kwa mkono wakati yakigongana. Waliopoteza vidole na mikono, na waliokufa wakibanwa, walikuwa wengi mno. Mwaka 1873 mtu aitwaye Eli Janney alipata hati ya kiungo kinachojifunga chenyewe. Chuma kilikuwepo, lakini makampuni mengi yaliendelea na pini kwa sababu kidole cha mfanyakazi hakikuwa gharama kwenye daftari lao. Vyama vya wafanyakazi wa reli na marafiki zao walipiga kelele miaka mingi, mpaka Bunge likapitisha sheria mwaka 1893 ya kulazimisha viungo vya kujifunga na breki za hewa. Ilichukua miaka 20 kutoka kwenye chuma mpaka kwenye sheria, na hata hapo makampuni yaliongezewa muda mpaka 1900.

SHERIA YETU

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamwagiza mwajiri kuweka vifaa na mashine katika hali ya usalama, na inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa mahali pa hatari. Tela lenye pini ya nondo ni hatari. Anayekataa kulivuta aeleze sababu kwa msimamizi mbele ya shahidi, kisha amwone mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo.

Sheria ya Ajira ya 2006 inasema kwamba kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu, isipokuwa malalamiko hayo yawe ya uzembe na hayana msingi. Ndiyo maana nasema mwende na hesabu. Sheria hiyo hiyo inasema kabla ya kufukuzwa kwa kosa, mfanyakazi asikilizwe, na ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe karibu naye. Kuna dereva wa kampuni moja, jina naliacha, aliyefukuzwa asubuhi iliyofuata baada ya tela kuchomoka, bila kuulizwa neno. Mpira wa gari lile ulikuwa na kipimo kimoja na kikombe kingine. Tuliupima sisi, baada ya wiki mbili, kwa kalipa ya kuazima. Dereva angekuwa ameandika mapema, tungekuwa na cha kuweka mezani siku ya kwanza.

Akiumia mtu, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamdai mwajiri hata kama inasemekana mfanyakazi alikuwa mzembe. Msikubali kuambiwa "ni kosa lake mwenyewe, hana kitu". Taarifa ya ajali ipelekwe kwa mwajiri mapema, isipite mwezi mmoja, na nakala ikae na mwakilishi. Mtu akifa, fidia ya familia inahesabiwa kwa mapato yake ya miezi 60. Wajane wengi hawajui hilo, na wengine wamepewa jeneza na gunia la unga.

Juu ya kubeba watu: tela si basi. Wakataji miwa na wachumaji hupandishwa juu ya tela tupu asubuhi na juu ya mzigo jioni. Katika mapatano yoyote tutakayofanya na waajiri, usafiri wa wafanyakazi uwe katika gari lenye viti, na mpaka lipatikane, kila tawi liandike majina ya barabara na saa ambazo watu wanapakiwa hivyo.

Kwa sasa kila dereva na tanboi wanunue daftari moja la shule, likae ndani ya gari. Kila Jumatatu waandike: tarehe, namba ya gari, uzito wa tela tupu, uzito wa mzigo mkubwa wa wiki, mhuri wa mpira na wa kikombe, hali ya pini, bolti, minyororo na breki, na jina la msimamizi aliyeambiwa juu ya kasoro. Msimamizi aombwe kutia sahihi. Akikataa, mwandike kwamba amekataa. Wawakilishi wa matawi walete madaftari hayo kwenye mkutano ujao, na mwenye kalipa aje nayo.